Kaka karudi na daftari, na ndani yake kuna jina la aliyetulisha

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala, nafundisha Kiswahili darasa la tano na la sita. Kaka yangu ametoka gerezani mwezi wa sita mwaka huu. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la chama cha msingi. Msimu ule ziliondoka gunia kumi na moja za korosho na kufuli halikuvunjwa. Alikiri siku ileile. Akahukumiwa miaka 5, akapunguziwa theluthi kwa tabia njema, akakaa ndani miezi 40.

Alirudi na kiroba chenye shati moja, kopo la plastiki na kaunta buku la kwaya mbili lililojaa mwandiko mdogo mpaka ndani ya jalada. Huko alikuwa anawaandikia barua wenzake wasiojua kusoma, wao wanamlipa sabuni au kalamu. Tangu arudi mchana hasemi kitu. Anapalilia, anachota maji, anakula, anakaa chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba. Usiku anawasha tochi ya simu na kuandika mpaka saa nane.

Wiki ya tatu alinipa daftari akaniambia, "Wewe mwalimu, nichapie." Ukurasa wa kwanza unaanza hivi: "Alfajiri kabla ya kuhesabiwa mzee mmoja alikua anakohoa mara tatu. Tukisikia tatu tunajua tuko wote. Siku alipokohoa mbili hakuna aliyetaka kuinuka." Miaka yote ya kusahihisha insha sijakutana na mwanzo kama huo. Lakini mkono ukanitangulia. Nikachukua kalamu nyekundu, "alikua" nikaifanya "alikuwa", nikapanga na koma. Alipoona alifunga daftari, siku tano hakuandika neno.

Shida yenyewe iko katikati ya daftari. Ameandika usiku wa wizi wote, na amemtaja aliyekuja na guta kubeba mzigo: mtoto wa mama mkubwa. Ameandika pia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Msimu wa kabla ya pale walitoa gunia mbili, wakarudia tena mbili, na hakuna aliyegundua. Kaka hakumtaja polisi wala mahakamani. Na huyo ndugu, Mshauri, ndiye aliyetushika miezi yote ile 40. Salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho yetu, alinunua yeye kila mwaka. Sare na madaftari ya mtoto wa kaka, yeye. Mama alipolazwa, bili alilipa yeye.

Mama hajui kusoma, lakini alimsikia kaka akijisomea usiku. Asubuhi akaniambia, "Hilo daftari lichomwe kabla msimu haujaanza."

Kuna na mtoto. Ana miaka tisa, anaishi na mama yake kijiji cha jirani. Tulimwambia baba yake yuko Msumbiji anafanya kazi ng'ambo ya Ruvuma. Likizo ya Desemba anapelekwa jandoni, na kaka anataka ajue ukweli kabla ya hapo. Wazo lake ni kumkalisha na kumsomea daftari lote. Mama wa mtoto anasita.

La mwisho: Mtwara mjini kuna kikundi cha vijana kinachokusanya watu waliotoka magereza na kuwafundisha kuandika na kusimulia. Kaka amekwenda mara mbili. Aliporudi mara ya kwanza alicheka wakati wa kula, nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Mwezi wa kumi wana jioni ya hadithi, wanataka asome dakika kumi na watarekodi video. Wamemchagulia usiku wa ghala, wanasema ndio wenye msisimko.

Nimchapie au nisimchapie? Nikimzuia naona kama namrudisha ndani. Nikimwachia, nyumba inavunjika. Halafu nafsi inanisuta, kwa sababu zile gunia zilikuwa jasho la wakulima, na baadhi ni wazazi wa wanafunzi wangu. Na kama ni kuchapa, nichape kwenye simu au nipeleke dukani wanakochapa na kutoa kopi?

Dada Mtu, Newala

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza kama swali moja, nichape au nisichape, lakini daftari hilo linavutwa pande nne. Kaka anataka lisomwe. Mama anataka liwe majivu. Kikundi kinataka kurasa chache zenye moto. Mtoto hajui hata kama lipo, na huenda ndiye litakayemgusa kuliko wote. Wewe umelishika katikati na mitihani ya shule inakungoja. Usijilaumu kwa kuchoka.

Nianze na daftari lenyewe, kwa sababu barua yako inachukulia kwamba kuandika ni dawa na kumzuia ni kumnyima dawa. Ni dawa, lakini yenye kipimo. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaketisha wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowahi kuwaumiza. Kila walipomaliza kuandika walijisikia vibaya kuliko walivyoanza. Nafuu ilionekana baadaye, ilipohesabiwa walikwenda mara ngapi zahanati ya chuo miezi iliyofuata: walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda mara chache zaidi. Walioandika tukio peke yake, au hisia peke yake, hawakupata faida kama hiyo. Wale walikuwa wanafunzi, hawakuwa watu waliolala selo miezi 40, kwa hiyo tusiichukue kama kanuni. Ila angalia muda: dakika 15, siku 4. Kaka yako anaandika mpaka saa nane za usiku, kila usiku, kwa mwanga wa simu.

Mpendekezee, kwa upole, ahamishe saa. Kati ya Magharibi na Isha panatosha: dakika 20, kisha daftari linafungwa na watu wanakula. Akiandika usiku wa manane kichwa kinabaki kwenye selo, na mwili unaamka umechoka siku ya kibarua. Pennebaker ana sharti jingine ambalo watu wengi wanalisahau: ukiona jambo fulani litakuangusha, liache, andika jingine. Hakuna anayedaiwa kumaliza.

Utajuaje kama kuandika kunamsaidia au kunamzungusha? Katika kazi zake za baadaye Pennebaker alihesabu maneno yenyewe, akakuta wanaonufaika ni wale ambao siku hadi siku maneno ya sababu na ya kuelewa yanaongezeka kwenye maandishi yao: kwa sababu, ndiyo maana, sasa naona. Kama kaka ameuandika usiku wa ghala mara sita na mara ya sita iko sawasawa na ya kwanza, hapo anazunguka mti. Njia moja ya kumtoa ni kumwomba aandike ukurasa mmoja kama vile ni mtu mwingine: "Alikuwepo kijana mmoja, mlinzi..." Akisema "yeye" mahali pa "mimi" anasogea hatua moja nyuma na kuona vitu ambavyo hakuviona. Njia nyingine ni kuanzia kwenye kitu: kufuli, kopo la plastiki, tochi. Mistari kumi tu kuhusu kufuli lile, uzito wake, kutu yake, lilivyolia lilipofunguka, bila kueleza kwa nini. Sababu huja zenyewe mtu akitulia kwenye kitu.

Kuhusu kalamu nyekundu, usijisute kupita kiasi, lakini tuelewe kilichotokea. Barua ya gerezani hupita mikononi mwa askari kabla haijatoka. Miezi 40 kila alichoandika kilikuwa na msomaji wa kwanza mwenye mamlaka. Wewe ulikuwa msomaji wa kwanza aliyemchagua mwenyewe, ukamjia na wino wa mamlaka. Kumrudia si kazi ngumu. Muulize swali moja la ndani ya hadithi, kama vile: yule mzee alikuwa mtu wa wapi? Siku aliyokohoa mara mbili ilikuwaje mpaka jioni? Swali moja, basi, kisha nyamaza. "Alikua" iache ilivyo mpaka siku atakaposema kipande hiki kimekamilika, na hata hapo muulize kwanza. Kuna maneno ya wafungwa ambayo mwalimu akiyanyoosha yanakufa.

Sasa tuingie kwenye jina.

Unalizungumzia daftari kama kitu kimoja: lote lichapwe au lote lichomwe. Ndani yake mna maandishi ya aina tatu yaliyochanganyika. Kuna aliyojiandikia ili kichwa kipumue. Kuna yanayomhusu mtu mmoja tu: mtoto, mama, au huyo ndugu yenu. Na kuna yanayoweza kusimama mbele ya watu. Kukaa naye siku mbili tatu na penseli, yeye mwenyewe akiweka alama pembeni, duara kwa la kwanza, mstari kwa la pili, nyota kwa la tatu, kunaweza kukuonyesha kwamba ugomvi wenu ni wa kurasa nane au tisa. Alama aweke yeye. Ukiweka wewe tumerudi kwenye wino mwekundu.

Zile kurasa za jina zina mambo ambayo ningependa uyachunguze kabla ya kuamua unavyojisikia. Unadhani kaka ameandika ili kushitaki? Huenda. Huenda pia ameandika kwa sababu ni kweli, na kwa miezi 40 ilikuwa ndiyo kweli pekee aliyoimiliki. Hujamuuliza, au kama umemuuliza hukuniambia. Unadhani mama anaona aibu? Kumbuka kwamba mtoto wa dada yake kwake ni mtoto wake. Anaweza kuwa anaogopa kupoteza mtoto wa pili baada ya kumpata wa kwanza. Na hajui kusoma, sawa, lakini kutojua kusoma si kutojua. Mwanamke ambaye mikorosho yake imepata salfa kila mwaka bila kuulizwa hela, je, hakujiuliza inatoka wapi? Na ile salfa yenyewe: ni shukrani, ni deni analolipa, au ni bei ya kunyamaza? Daftari haliwezi kukujibu hilo. Kuna mtu mmoja tu anayeweza, na ana guta.

Kisheria tenganisha mambo mawili. Kesi ya gunia kumi na moja kaka ameshahukumiwa na kutumikia, hawezi kushitakiwa tena kwa kosa lilelile. Zile nne za msimu wa kabla hazikuwa ndani ya kesi hiyo, na ukurasa ulioandikwa kwa mkono wake unaweza kuwa ushahidi dhidi yake na dhidi ya mwingine. Sikwambii fichua, sikwambii ficha. Nasema msilichukulie jambo hilo kama mapambo ya hadithi. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa rasmi, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ulizieni ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri. Kaka aende yeye, wewe umsindikize, daftari libaki nyumbani. Aulize kwa ujumla kwanza: mtu akiandika kuhusu kosa ambalo hakushitakiwa, nini kinaweza kutokea?

Nafsi inayokusuta kwa ajili ya wakulima ina haki ya kusuta. Lakini kuwalipa wakulima ukweli wao kuna njia yake. Inapita kwa viongozi wa chama, inapita kwa huyo ndugu, labda inapita kwenye kurudisha kitu. Haipiti kwenye video ya dakika kumi inayosambaa WhatsApp, ambako mwenye shamba ataisikia habari ya gunia lake kutoka kwa kijana wa Dar anayecheka.

Hapo nafika kwenye kikundi. Sina shaka na nia yao. Kicheko ulichokisikia mezani ni ushahidi kwamba kukaa na wenzake waliopita palepale kunamfaa, na hilo ningeogopa sana kumkatia. Ninachokitilia shaka ni uchaguzi wa ukurasa.

Mtafiti Shadd Maruna aliwahoji watu mjini Liverpool, Uingereza, waliokuwa na historia ndefu ya uhalifu, baadhi wameacha na baadhi bado wanaendelea, akachapisha aliyoyakuta mwaka 2001. Maisha yao ya nyuma yalifanana: umaskini uleule, mitaa ileile. Kilichotofautiana ni namna walivyoyasimulia. Walioendelea walisimulia kama watu ambao mambo yao yalishaamuliwa zamani, wao wanasukumwa tu. Walioacha walisimulia kwamba ndani yao alikuwepo mtu mzuri tangu mwanzo, akafunikwa, kuna mtu akamwamini, na sasa wanataka kuwafanyia wengine kitu kwa yale waliyopitia. Simulizi hizo zina chumvi kidogo, Maruna mwenyewe aliliona hilo. Lakini mtu anahitaji kitu cha kushika asubuhi.

Sasa angalia kurasa za kaka yako kwa jicho hilo. Usiku wa ghala yeye ni mwizi, tena mwizi wa kufungua mlango tu. Kwenye kikohozi cha mzee ni mtu anayehesabu wenzake ili ajue wako hai. Na kuna ukurasa ambao hujaniambia kama upo: ule wa kuwaandikia barua wasiojua kusoma. Mtu anakuja na kipande cha sabuni, anasema mwambie mke wangu hivi, kaka anatafuta neno. Je, kuna barua aliyokataa kuiandika? Kuna aliyoibadilisha kidogo ili isimuumize mpokeaji? Kama hajaiandika hiyo, hiyo ndiyo ningemuulizia. Msisimko una tabia ya kumrudisha msimuliaji kwenye jina la zamani: watu watapiga makofi, halafu kesho kijiweni ataitwa "yule wa ghala".

Kwa hiyo njia zipo kadhaa, na kila moja ina shimo lake. Anaweza kusoma kikohozi cha mzee, na kikundi kikaona kimepoa. Anaweza kusoma usiku wa ghala uliogeuzwa hadithi ya kubuni, lakini hapo kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu Newala kila mtu anajua msimu ule mlinzi alikuwa nani. Lazima vibadilike vitatu kwa pamoja: mahali, mali na undugu. Ghala liwe boti ya Mikindani, korosho iwe ufuta, mtoto wa mama mkubwa awe rafiki wa zamani au mgeni kabisa. Kisha ampe mtu asiyejua kisa asome, akiuliza tu "huyu siyo yule...?" bado haijageuka vya kutosha. Shimo la njia hii ni kwamba kaka anaweza kuona mmemlazimisha aseme uongo tena. Anaweza pia kwenda mwezi wa kumi akakaa kwenye viti, asikilize wengine, asome mwakani. Hilo linaonekana kama kushindwa, ila wengi huhitaji kusikia sauti za wengine kwanza.

Akiamua kusoma, kuna mambo ya kuuliza kikundi mapema, na wasipokuwa na majibu hiyo nayo ni habari. Video inakaa kwa nani? Akibadili mawazo baada ya wiki, inafutwa? Jina lake litatajwa, au sauti tu? Nani anarudi naye Newala, au analala wapi? Nauli na chakula ni vya nani? Halafu maandalizi: kwa mwendo wa kusoma kwa sauti, dakika kumi ni maneno kama elfu moja, na sauti ikikwama ni chini ya hapo, basi aandae mia nane. Asome mbele yako mara tatu, siku tofauti. Sehemu atakayokwama mara mbili mahali palepale, aikate. Apange pia majibu ya maswali ya watu, kwa sababu kuna atakayeuliza walikuwa wangapi. "Hilo silisemi leo" ni jibu kamili, lakini linatakiwa lifanyiwe mazoezi mpaka litoke bila kutetemeka.

Na mwangalie siku ya pili. Jioni ya makofi mtu hujaa, kesho yake anaporomoka, na mwezi wa kumi mabibo yameanza kuanguka na uraka, pombe ya mabibo, uko kila kona. Asiachwe peke yake siku hiyo. Ukiona hapati usingizi siku kadhaa, hataki kula, au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo imeshavuka daftari: mpelekeni hospitali ya wilaya, au ile ya mkoa, Ligula kule Mtwara, aonwe na watu wa afya ya akili.

Kwa mama, kabla ya kumjibu kuhusu moto, kuna jambo anaweza kuwa hajawahi kuambiwa: kwamba karatasi ya gerezani si lazima iwe najisi. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 kwa miaka mitatu, akatunga mashairi juu ya karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kama Sauti ya Dhiki. Yeye alifungwa kwa siasa, kaka yako kwa korosho, tusifananishe visivyofanana. Lakini mama akimsikiliza mwanawe akisoma ule ukurasa wa kikohozi, mchana, mbele yake, badala ya kuusikia kupitia ukutani usiku, huenda akaona kwamba daftari halina moto peke yake. Au asione. Mwulize tu anaogopa nini hasa, na umwache amalize.

Nimemweka mtoto mwisho kwa sababu hapo ndipo ninapoogopa haraka ya kaka. Miaka tisa, kijiji cha jirani, miezi 40. Una hakika hajui? Shuleni kwenu watoto wanaambiana nini wakigombana? Mara nyingi mtoto anajua nusu, na nusu aliyoijaza mwenyewe ni mbaya kuliko ukweli.

Kaunta buku la kwaya mbili si maneno ya kumpa mtoto wa miaka tisa. Atakachohitaji ni sentensi chache zinazoingia kwenye pumzi moja: nilifanya kosa, nikafungwa, kosa halikuwa lako, tulikudanganya kuhusu Msumbiji na tunakuomba msamaha, nimerudi. Kisha maswali yake, ambayo huwa ya kushangaza: ulipigwa? ulikula nini? utarudi tena? Kwenye hilo la kurudi, asiahidi asichoweza kukitimiza.

Kuna watu watakaokushauri amfikishie kwa hadithi, paukwa pakawa, ili isiume. Hadithi ije baadaye. Mtoto huyu ameshapewa hadithi moja, ya Msumbiji. Ukimpa nyingine kabla ya ukweli, siku akijua atazitupa zote mbili. Ukweli ukishasemwa, hapo sasa usiku mwingine baba asimulie, na mtoto amalizie mwisho anavyotaka. Ila muwe macho na sungura. Hadithi zetu nyingi sungura anaiba, anashinda na tunacheka. Kwa baba huyu, mwezi huu, zipo nyingine. Uingereza kuna mpango ambao baba walio gerezani hurekodi hadithi kwa sauti zao na watoto wakasikiliza nyumbani kabla ya kulala. Simu ya kaka inaweza kufanya hivyohivyo kwa siku ambazo mtoto yuko kwa mama yake, dakika tatu nne, na mama yake asikilize kwanza.

Na nani aseme? Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba wake ana neno, hasa mwaka wa jando. Kaka akimfuata mtoto moja kwa moja, hata na maneno mazuri kiasi gani, atakuwa ameruka uzio. Akianza kwa mama wa mtoto, kisha mjomba, itachukua wiki kadhaa na huenda wakasema baada ya jando. Hilo litamuuma. Akiingia bila wao, anaweza kupata Desemba moja akapoteza nyingi. Ni vizuri ajue bei zote mbili kabla ya kuvaa viatu.

Umeuliza simu au duka. Duka hapana: faili linabaki kwenye kompyuta ya mtu, kopi ya majaribio inabaki kwenye pipa, na mchapaji anajua kusoma. Tumia simu, sehemu ya maandishi ya kawaida, isiyojipakia yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni, na usijitumie WhatsApp "ili isipotee". Anza na kurasa alizotia nyota tu. Kurasa mbili kwa jioni zinatosha; hapo kwenye mwandiko mdogo unaochosha macho, muombe akusomee wewe uandike. Akikusomea atabadilisha neno hapa na pale, na mtakuwa mmekaa pamoja bila yeyote kumuuliza mwenzake unajisikiaje. Daftari lenyewe lirudi kwake kila usiku, alifunge yeye.

Msalimie mama. Na ukipata nafasi, uniandikie yule mzee alikuwa mtu wa wapi.